Bibi Kinue Obinata na Hakobe Aliyoipa Jina Lisilo Lake

Wasifu huu umeandaliwa na familia kwa ajili ya siku ya arobaini na tisa na maziko ya majivu ya marehemu, Jumapili, tarehe 20 Aprili 2025, katika kitongoji cha Tochizawa, mkoa wa Nagano.

Kitu cha kwanza ambacho mjukuu wake, Chinatsu, alikiona kwa Bibi Kinue Obinata kilikuwa duara hafifu lililozunguka jicho lake la kulia. Ngozi ya pale ilikuwa laini kuliko ya uso mzima, na imebonyea kidogo, mfano wa alama ya kikombe kwenye meza ya mbao. Chinatsu alikuwa na miaka minne. Aliweka kidole pale na kuuliza, "Bibi, nani alikubonyeza hapa?" Bibi akamjibu, "Saa za watu," kisha akaendelea kumenya viazi. Ilichukua miaka mingi jibu hilo kueleweka.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Novemba 1939 hapa hapa Tochizawa, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa Mzee Kanjiro Miyashita na Bi. Towa, ambao wote wametangulia. Nyumba yao ilifuga viwavi wa hariri orofani na watu wakakaa chini, na marehemu alipenda kusema kwamba viwavi ndio waliokuwa na nafasi kubwa zaidi. Kazi yake ya kwanza maishani ilikuwa kuchuma majani ya mforosadi. Ya pili ilikuwa kutafuta hakobe, mmea mdogo wa porini wenye maua meupe, kwenye kingo za mashamba ya mpunga na kuwapelekea kuku. Kwa sababu hiyo wazee wa hapa hadi leo wanaiita hakobe "majani ya vifaranga", na wanashangaa mtu mzima anapopiga magoti kuitazama.

Alisoma Shule ya Msingi ya Tochizawa kuanzia mwaka 1946, na akamaliza sekondari ya chini Machi 1955. Mwalimu wake alipanda njia ya mlima mara mbili kuja kumwomba baba yake amwache aendelee na masomo. Mara zote mbili alipewa chai na maboga ya kuchemsha, akashukuru, akateremka. Cheti cha marehemu, ambacho bado kipo, kina alama ya juu kabisa katika sayansi na alama ya chini kabisa katika kuimba. Hiyo ya pili sote tulikuwa tunaifahamu.

Aprili mwaka huohuo, akiwa na miaka kumi na mitano, alikwenda Suwa kufanya kazi katika kiwanda cha saa. Kwa miaka saba alikagua magurudumu madogo yenye meno, mengine madogo kuliko punje ya ufuta, akiwa amebana lenzi kwenye jicho la kulia. Utaratibu wa chumba kile ulikuwa kuligeuza kila gurudumu mara tatu kwa kibano kabla ya kutamka "zuri". Mtu aliyetamka baada ya kuligeuza mara mbili alihamishwa kwenda kufunga maboksi. Marehemu hakuhamishwa hata siku moja. Alipoacha kazi, msimamizi wake alimwachia lenzi iliyopasuka ukingo.

Tarehe 8 Aprili 1962 alifunga ndoa na Yoshimori Obinata, mfanyakazi wa misitu, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Takenori, aliyezaliwa mwaka 1965. Bwana Yoshimori alikuwa akienda msituni na sanduku la chakula lenye wali na tunda moja la plamu lililokaushwa kwa chumvi. Jioni sanduku lilirudi na mmea ndani yake, umefunikwa kwa kuvumwani ya kijani iliyolowa. Aliliweka tu karibu na sinki. Siku moja marehemu alimuuliza kwa nini asimletee maua makubwa kama wanaume wengine.

"Makubwa unayaona mwenyewe," alijibu Bwana Yoshimori. "Mimi nakuletea yale ambayo lazima uinamie."

Hiyo ndiyo kauli ndefu zaidi ya mapenzi ambayo familia inaikumbuka kutoka kwake. Alifariki mwaka 2009.

Kuanzia mwaka 1970 hadi 1999 marehemu alikuwa mpishi wa chakula cha mchana katika shule ya kitongoji. Alianza kwa kupikia wanafunzi tisini na sita. Siku ya mwisho alipikia watatu, shule ikafungwa, naye akaosha sufuria zote, hata zile ambazo hazikuwa zimetumika kwa miaka kumi.

Baada ya hapo halmashauri ya kijiji ilimwomba aandae orodha ya mimea ya bonde. Aliikubali kazi hiyo kwa moyo wote. Kwa miaka miwili alikausha mimea kati ya kurasa za magazeti chini ya mawe ya kukandamizia achari, na mwaka 2001 kijitabu kikatoka chapani kikiwa na mimea mia tatu na kumi na miwili. Mmea namba mia moja na nane uliandikwa hivi: "Sawa-hakobe. Unapatikana kwenye korongo la Tochizawa, juu ya daraja la tatu. Wa kawaida."

Hapa inabidi wasifu huu ukae kidogo, kwa sababu marehemu mwenyewe alituagiza usipite haraka. Alisema, "Mkiandika habari zangu, kosa langu msiliruke."

Sawa, kwa watu wa hapa, ni kijito cha korongoni. Mmea aliukuta kwenye sawa, chini ya mwamba unaotiririka maji, upande wa kaskazini usiofikiwa na jua, mahali ambapo majani makavu hayatulii na kuvumwani inashika. Eneo lote halizidi upana wa mikeka miwili. Aliuchuma tarehe 16 Agosti, siku za kuwapokea na kuwaaga wahenga, kwa kuwa ndizo siku alizokuwa na nafasi. Mei na Juni ni miezi ya kupandikiza mpunga. Kwa hiyo maua yalikuwa yamekwisha. Alibakiwa na mimea mia moja hivi ya kuandika kabla ya tarehe ya mchapaji, na alikuwa amechoka. Akaona kijito, akaandika sawa. Na haikuwa sawa.

Septemba 2023 mkoa ulibandika tangazo kwenye ubao wa kitongoji. Ukuta wa zege wa kuzuia maporomoko ya udongo ungejengwa katika korongo, juu ya daraja la tatu. Hakuna mtu hapa anayedharau ukuta wa namna hiyo. Mafuriko ya Juni 1961 yalichukua nyumba nne, na Mzee Katagiri, ambaye nyumba yake iko mdomoni mwa korongo, alimpoteza kaka yake siku ile. Marehemu naye aliusoma mchoro na kusema ukuta ni jambo jema. Halafu aligundua umewekwa juu ya mwamba wenyewe.

Mwezi uliofuata Chinatsu alikuja kutoka chuoni, na marehemu akamwomba ateremshe magazeti ya zamani kutoka darini. Alitaka kuiona tena namba mia moja na nane, basi tu, kwa kuwa ingeondoka. Akaiweka lenzi jichoni. Akaligeuza shina mara ya kwanza kwa kibano. Mara ya pili. Mara ya tatu akalishikilia hapohapo chini ya lenzi, hadi maji ya chai yakachemka na kukauka nusu.

"Chinatsu, njoo utazame. Shina la sawa-hakobe huwa tupu, halina hata unywele. Hili lina nini?"

"Lina nywele, Bibi."

"Zikoje?"

"Ncha zake zimegawanyika. Kama nyota ndogo."

Marehemu aliitoa lenzi, akaufuta ukingo wake kwa aproni. "Miaka ishirini na miwili," alisema. "Sikuligeuza hata mara moja."

Chinatsu, aliyekuwa akisomea ualimu na aliyeamini kwamba kosa likigunduliwa linarekebishwa, alisema wapige simu mkoani kesho yake. Walipiga. Afisa wa ujenzi alikuja kwenye mkutano wa kitongoji mwezi Novemba akiwa na kijitabu cha marehemu mkononi, kimewekwa alama kwa karatasi ya njano.

"Mama, samahani," alisema kwa heshima. "Sisi tulifuata orodha. Namba mia moja na nane, wa kawaida. Na orodha ni yako mwenyewe."

Marehemu alisimama, jambo ambalo kwa magoti yake halikuwa dogo. "Orodha ni yangu na kosa ni langu. Huu si sawa-hakobe. Naona ni yama-hakobe, hakobe ya mlimani, iliyo adimu. Siukatai ukuta. Naomba ushuke hatua sitini tu, chini ya mwamba."

"Mama Takenori!" Mzee Katagiri alipaza sauti kutoka nyuma. "Miaka yote hiyo unatusomesha majina, leo unasema ulikosea?"

"Ndiyo. Na wewe miaka yote hiyo hukufungua kitabu, leo ndiyo unakitetea."

Watu walicheka, afisa akiwemo. Lakini hatua sitini zilihitaji mchoro mpya, na mchoro mpya ulihitaji sababu yenye sahihi ya mtaalamu. Marehemu alituma shina lake makumbusho, kwa Daktari Hioki, anayeshughulikia mimea. Jibu lilikuja Januari 2024. Nywele za nyota zilikuwa kweli, aliandika, na yama-hakobe haikuwahi kuandikwa tena katika bonde letu tangu kabla ya vita. Lakini iko hakobe nyingine yenye nywele zilezile, iliyo ya kawaida, ambayo maua yake hayana petali. Kuzitofautisha bila ua hakuwezekani. "Nikionyeshwa ua lenye petali tano," alimaliza, "nitasaini siku hiyohiyo."

Petali zenyewe ni tano, ila kila moja imepasuka karibu hadi chini kama masikio ya sungura, hata mtu asiyezoea huhesabu kumi. Ua zima ni dogo kuliko kifungo cha shati.

Tarehe 26 Mei 2024 marehemu alipanda korongoni pamoja na Takenori na Chinatsu. Njia ya dakika hamsini ilimchukua saa tatu. Kwenye kila daraja alikaa na kusema "nimechoka" kwa sauti ileile, kama mtu anayetaja saa. Walipofika chini ya mwamba, walikuta kulungu wametangulia. Mashina yote yalikuwa yamekatwa ncha, na alama za kwato zilikuwa bado na maji ndani yake. Hakuna ua hata moja. Marehemu alipiga magoti pale, akayahesabu mashina yaliyobaki, arobaini na moja, akakata kijitawi kimoja chenye mizizi na kukifunga kwenye kitambaa chenye maji. Hakulia. Wakati wa kurudi Takenori alimbeba mgongoni.

"Mama, umepungua sana."

"Na wewe umeongezeka. Teremka polepole."

Mkoa ulikubali kusubiri msimu mmoja, hadi tarehe 31 Mei 2025, na afisa alisema wazi kwamba hautaongezwa mwingine, kwa sababu mvua haimsubiri mtu. Marehemu aliona hilo ni haki. Mwezi Novemba wazee saba wa kitongoji walipanda na wavu wa kuzuia kulungu, wastani wa umri wao ukiwa miaka sabini na nane, wakiongozwa na Mzee Katagiri. Takenori alimuuliza kwa nini anahangaika, na ukuta anautaka.

"Nautaka, na nitaupata, juu au chini," alijibu huku akipigilia nguzo. "Lakini baba yake Chinatsu, mimi ni jirani wa mama yako. Ukuta ukiisha kujengwa nitakutana naye kila asubuhi dukani. Unamjua alivyo mtu yule akinyamaza?"

Kwa wakati ule marehemu alikuwa tayari anaumwa. Tangu Agosti alikuwa akikosa pumzi, na miguu ilivimba. Daktari alieleza kwamba moyo umechoka, na marehemu alisema hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya daktari aliyoielewa neno kwa neno. Alikataa kuhamia Nagoya kwa mwanawe. Kile kijitawi alikipanda kwenye chungu na kukiweka dirishani pa jiko, ambako joto la jiko lilikifanya kiote kijani kibichi katikati ya majira ya baridi. Kilitoa hata kitumba kimoja, na marehemu alihesabu kwamba kingeweza kufunguka Februari, miezi mitatu kabla ya wenzake.

Tarehe 7 Januari 2025 ilikuwa siku ya uji wa majani saba wa kuombea afya, hakobe ikiwa mojawapo. Chinatsu alikuwa amekuja kumtunza, na theluji nje ilifika magotini. Alipata majani ya tanipu, ya figili na mengine dukani kwa shida, lakini hakobe hakuipata popote. Uji wa majani sita hauliwi siku hiyo. Basi akaona dirishani hakobe nzuri ya kijani, asikumbuke ni ipi, akaichuma yote, akaikatakata.

Marehemu alikula nusu bakuli ndipo macho yake yakaenda dirishani. Akaweka kijiko chini.

"Chinatsu. Chungu kimekwenda wapi?"

"Nimekiosha, Bibi. Majani nimeyatia kwe..." Hakumaliza neno.

Wote wawili waliutazama uji. Chinatsu akaanza kulia, akiomba radhi kwa lugha ya adabu kabisa ambayo huwa haitumiki ndani ya nyumba. Marehemu alichukua kijiko, akachota tena, akatafuna taratibu.

"Kidogo ni chungu kuliko ya shambani," alisema. "Leta daftari, liandike na hilo." Halafu akacheka hadi pumzi ikamkata, ikabidi wamwite muuguzi kwa simu. Kwa wiki nzima kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa, "Mjukuu wangu amenilisha ushahidi." Lakini baada ya wageni kuondoka alibaki akiliangalia dirisha. Sasa ilikuwa imebaki hakobe ya mwambani peke yake.

Tarehe 17 Februari alilazwa hospitalini katika mji wa bondeni. Wauguzi walimhudumia kwa upole mkubwa, na familia inawashukuru. Jumapili, tarehe 2 Machi, Chinatsu alikaa kando yake. Marehemu aliuliza theluji imerudi nyuma mpaka wapi.

"Daraja la pili, Bibi."

"Bado, basi." Akafumba macho. Baadaye aliongeza, "Nimechoka kusubiri. Nyinyi bado mna nguvu, subirini."

Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano. Wiki tatu baadaye Chinatsu alihitimu chuo, na tangu Aprili hii anafundisha sayansi katika shule ya sekondari ya mji wa bondeni.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Takenori, na mkwe, Hatsumi, wa Nagoya. Mjukuu mmoja, Chinatsu. Mdogo wake wa mwisho, Bi. Fusae, wa Matsumoto. Na majirani wa nyumba kumi na moja za Tochizawa, ambao alipenda kuwataja kama jamaa na kuwasema kama jamaa. Ameacha pia nakala mia moja na ishirini za kijitabu chake. Katika kila moja alifuta maelezo ya namba mia moja na nane kwa kalamu na kuacha nafasi tupu. Hakuthubutu kuandika jina jipya kabla ya sahihi.

Jana, tarehe 19 Aprili, Takenori na Chinatsu walipanda hadi kwenye mwamba. Theluji imekwisha. Wavu umesimama, ingawa nguzo moja imeinama, na Takenori ameinyoosha. Mashina yaliyochomoza ni thelathini na sita, marefu zaidi yamefikia urefu wa kidole. Hakuna kitumba bado. Chinatsu alitazama kila shina kwa lenzi, akaligeuza mara tatu, na hakupata hata kimoja.

Daktari Hioki amethibitisha kwamba atakuja Jumamosi, tarehe 24 Mei. Tutakutana daraja la kwanza saa mbili kamili asubuhi. Mzee Katagiri ameahidi matonge ya wali ya kuchoma yaliyopakwa miso, rojo ya soya iliyochachushwa, pamoja na jozi, na afisa wa ujenzi ameomba naye aje, akiwa na kalamu yake. Asiyeweza kupanda atabebwa. Ikiwa siku hiyo maua hayatakuwa yamefunguka, tutapanda tena tarehe 25, na 26, na kila siku hadi tarehe 31.

Bibi Kinue, uchovu wako umefika mwisho. Lala kwa utulivu. Sisi tunaihesabu Mei.